Figo za Mama na Wenzake

Nilipokuwa nasomea ubingwa wa picha za mwili, kila daktari alitakiwa kufanya utafiti. Wangu ulihusu ukubwa wa figo za watu wenye afya, kwa ultrasaundi. Tatizo lilikuwa kwamba mchana kutwa mashine ilishikwa na wagonjwa, na ilipopumzika jioni, mzima gani angekuja hospitali kwa hiari yake? Profesa wangu kila tukikutana koridoni aliniuliza, "Figo zimefika?"

Jumapili moja nikamlalamikia mama, aliyekuwa fundi cherehani. Akacheka. "Unatafuta watu wasioumwa? Mwanangu, hao ninao tele."

Kesho yake jioni alikuja na mafundi wenzake, wamependeza kama waalikwa wa harusi. Akalala kitandani wa kwanza. Nilipompaka jeli ubavuni akaruka.

"We! Si ungesema kama ni baridi hivi!"

Wenzake wakaangua kicheko hadi nesi akaja kuchungulia. Kisha nikamgeuzia skrini. Akainua kichwa kuitazama.

"Kumbe huko ndani niko hivi," akasema taratibu.

Wale mafundi wakaleta waume zao, waume wakaleta majirani, nami nikamaliza utafiti na kufaulu.

Mama alishafariki. Majina ya washiriki hayaandikwi, kwa hiyo hakuna anayemjua. Lakini juzi niliufungua tena utafiti ule, nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza wa jedwali: mwanamke, fundi cherehani, figo zote mbili salama.