Kobe wa Bwana Stroud

Simu iliita saa tisa na dakika kumi alasiri. Rogelio alikuwa anafagia tela tupu, na dada yake Delfina anafunga mlango wa mbele kwa kufuli ya namba. Mlangoni pale, tangu jana, walikuwa wamebandika karatasi iliyosema kwamba nyumba hii sasa ni mali ya benki, inasafishwa, na mwenye swali apige namba ifuatayo. Namba ilikuwa ya Delfina. Kampuni iliyowapa kazi ilitaka hivyo, ili matusi yaishie kwao wasafishaji yasifike juu.

Matusi alikuwa ameyazoea. Akapokea huku ameshaukaza moyo.

"Ndiye wewe unayesafisha nyumba ya Mtaa wa Cholla?" Ilikuwa sauti ya mzee, ndogo, ya mtu aliyelala chali.

"Ndiye mimi."

"Naitwa Harlan Stroud. Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara amenisomea namba yako hapo mlangoni. Niko hospitali, nyonga imevunjika, ndiyo maana sikuwahi kuhama. Sikupigii tugombane, bibie. Nyumba nilijua inakwenda. Nina ombi moja tu. Nipatie Mabel."

"Mabel ni nani, mzee?"

"Kobe wangu. Yumo gerejini, rafu ya chini kabisa, kwenye sanduku la karatasi nililolizungushia blanketi la kijani na kulifunga kamba. Amelala. Hulala miezi yote ya baridi, kila mwaka, tangu mwaka sitini na moja. Usimwamshe. Mpe jirani vilevile alivyo, mimi nitamchukua Machi."

Delfina aligeuka akaitazama gereji. Mlango wake ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na sakafu ya saruji iliyofagiwa mpaka ikang'aa, na rafu tupu ukutani.

"Bibie? Upo?"

"Nipo, mzee. Nipe muda kidogo. Nitakupigia."

Alikata simu akabaki ameishika. Rogelio alimwona akaacha kufagia. "Nani tena? Katutukania mama?"

"Lile sanduku la Mabel," alisema Delfina. "Lina kobe. Mzima."

Kwa haki, Delfina Ybarra hakuwa mtu wa roho mbaya, na kazi hii hakuitafuta. Miaka mitano mfululizo, pale Victorville jangwani, kazi yake ilikuwa kupendezesha nyumba za maonyesho za mjenzi mmoja tajiri. Alipanga malimau ya plastiki kwenye bakuli na kutundika taulo ambazo hakuna mwili ungejifutia. Watu wakija kutazama waliyaona yale malimau, wakasaini mkopo. Kisha mikopo ikawashinda, nyumba zikaacha kununuliwa, mjenzi akatoweka, na benki zikaanza kuzitwaa nyumba zilezile moja baada ya nyingine, mtaa mzima mpaka nyasi zikakauka. Lazima mtu aingie atoe vilivyoachwa. Kufa kufaana, alisema Rogelio, ambaye alikuwa fundi wa mapaa na hakuna paa lililokuwa likiezekwa tena kaunti nzima. Wakanunua tela kuukuu, glavu na barakoa, wakachora ubavuni "Ybarra na Nduguye", wakajiandikisha kwa kampuni moja iliyoko mbali huko Texas, ambayo haikuwahi kuliona hili jangwa hata kwenye picha.

Masharti yalikuwa machache na makali. Nyumba itolewe kila kitu ndani ya siku mbili. Kila chumba kipigwe picha tatu, kabla, wakati, na baada. Chochote kilichomo ni takataka, kiende jaani siku hiyohiyo, kisiuzwe wala kisipelekwe nyumbani. Ukichelewa mara mbili unafutwa, na nyuma yako wapo mia wenye tela.

Mwezi wa kwanza walifungua kila sanduku. Katika nyumba moja ya Hesperia, mji wa jirani, Delfina alifungua kisanduku akakuta chupa ya dawa yenye meno ya utotoni, kila jino limefungwa karatasi yenye tarehe. Alikaa chini. Alitumia jioni nzima na nusu ya kesho yake kumtafuta huyo mama kwa simu, na kila namba aliyopiga ilikuwa imekatwa. Wakachelewa. Texas wakatuma onyo la kwanza. Ile chupa ilibaki kwenye gari wiki nyingi, ikilia kila tairi lilipopita shimo, mpaka Delfina mwenyewe akaitupa, na siku hiyo hakula.

Tangu hapo akaweka sheria yake. Sanduku lililofungwa halifunguliwi, linakwenda lilivyo.

"Dada, wewe ungekuwa daktari ungepasua watu umefumba macho," Rogelio alimtania.

"Na wewe ungekuwa mgonjwa wangu ungenyamaza."

Na sheria iliwasaidia, lazima isemwe. Walikuwa wanamaliza kwa wakati. Walilala usingizi.

Asubuhi ile, kabla ya simu, kwenye gereji ya Mtaa wa Cholla, ni Rogelio aliyelitoa lile sanduku rafuni. Blanketi la kijani lilikuwa limekunjwa vizuri kwenye pembe zote nne, kamba imefungwa fundo la mtu asiye na haraka, na juu pameandikwa kwa kalamu nene MABEL. Delfina aliliona, akawaza ni marehemu mke wa mwenye nyumba. Nguo zake, miwani yake, mkoba wa kanisani. Aliona jinsi mume alivyolifunga, akageuza uso.

"Hili tulitazame?" Rogelio aliuliza. "Limeandikwa jina."

"Ndiyo maana tusilitazame. Mwache mama wa watu na heshima yake. Liweke juu, polepole."

Rogelio aliliweka juu ya mzigo, tena akalipapasa kwa kiganja kama mtu anayeaga. Hiyo ilikuwa safari ya mwisho ya jaani, saa saba mchana. Huko jaani hakuna polepole. Walilirudisha tela kinyumenyume mpaka ukingoni, wakasukuma kwa makoleo, wakarudi kula mikate yao ya maharage garini kabla haijapoa.

Sasa walikuwa wanakimbia barabara ileile. Delfina aliendesha. Rogelio alikuwa na ile kamera ya kazi mapajani, anarudisha picha nyuma, na alipoifikia picha ya gereji, ile ya "wakati", akaiona mikono yake mwenyewe imelikumbatia sanduku.

"Nilisikia kitu kikiteleza ndani," alisema. "Delfi, nilisikia. Nikasema ni viatu."

"Nyamaza, Rogelio."

"Kizito, upande mmoja. Viatu gani vizito hivyo?"

"Nimesema nyamaza! Ni mimi niliyekwambia usifungue. Mimi. Basi."

Jaa lilikuwa linafungwa saa kumi. Walifika zimebaki dakika kumi na nane. Kwenye kibanda cha mizani alikaa Oleta, mama mnene wa makamo, anatafuna mbegu za alizeti na kuyatema maganda kwenye kikombe. Aliwajua vizuri mno.

"Nyie tena! Leo mmehamisha mji mzima au mmebakiza kanisa?"

"Oleta, tumetupa kitu kisicho chetu."

"Mpenzi, hapa kila mtu ametupa kitu kisicho chake."

"Kiko hai," alisema Delfina.

Oleta aliacha kutafuna. Alisikiliza habari yote, na uso wake ukawa kila nukta unazidi kulegea, lakini mkono wake haukwenda kwenye kitufe cha geti. "Siwezi kuwaruhusu kushuka kule. Mwaka juzi mtu alishuka kutafuta pete, mashine ikarudi nyuma. Naomba msinilazimishe niseme zaidi." Alichukua redio. "Lakini ngoja nimwite Gus. Gus, njoo ukingoni. Hapana, siyo kesho, sasa."

Waliruhusiwa kusimama ukingoni tu, nyuma ya kamba ya njano. Upepo wa jangwa ulikuwa unakata masikio. Chini yao mashine kubwa ya kusukuma taka ilizima, na Gus akapanda kwa miguu, kijana mrefu mwenye kofia ya sufu, akasikiliza naye, akakuna kidevu.

"Mlimwaga saa ngapi?"

"Saba. Pale kushoto, penye yale matairi."

"Kushoto." Alifikiri. "Kushoto sikukanyaga. Nilisukuma tu, kwenye lile shimo, kisha nikafukia. Malori tisa yamekuja juu yake."

Delfina alimshika mkono wa koti. "Kwa hiyo huenda ni mzima."

"Huenda."

"Basi chimba. Una mashine hapo. Utafukua kwa dakika ngapi? Mimi nitalipa, sijui nitalipa nini, lakini chimba."

"Dada yangu, siyo suala la dakika." Gus aliongea kwa upole, na ule upole ulimtisha Delfina kuliko kama angefoka. "Pale chini kuna taka za miezi. Ukizifukua hewa ikaingia, zinawaka. Desemba tulifukua sehemu ileile, tukazima moto siku nne. Wakubwa wameandika barua, hata wao wenyewe hawaruhusiwi. Na hata ningechimba, utampata wapi? Sanduku ni karatasi. Limeshapasuka."

"Ni kobe. Ana gamba gumu. Miaka arobaini na minane ameishi na mtu mmoja!"

"Nakuelewa."

"Hunielewi."

"Sawa," alisema Gus. "Sikuelewi. Ila siwezi."

Delfina alikaa chini palepale kwenye kokoto. Alitafuta moyoni mwake mtu wa kumkasirikia akamkosa. Texas ilikuwa mbali, Gus alikuwa sahihi, Oleta alikuwa analia kibandani kwake, na benki haina uso. Alikuwa na mikono miwili na koleo garini, na kamba ya njano mbele yake, na mlima mzima wa vitu vya watu. Maji yakimwagika hayazoleki, watu husema, lakini maji angalau huyaoni yakikungoja.

Rogelio hakuweza kutulia. Alipita chini ya kamba hatua mbili tatu, mahali ambapo taka zilizofukiwa zilikuwa zinakutana na ukingo, na Gus hakumfukuza. Nyufa kwenye udongo zilikuwa zinatoa mvuke mweupe, mwembamba, ambao upepo uliubeba mara tu ulipotokeza.

"Huo ni nini?" Rogelio aliuliza. "Moto?"

"Joto tu," Gus alisema. "Taka zikioza huchemka. Huku juu vidole vinakufa ganzi, lakini huko chini hata Januari unaweza kuivisha yai."

Simu ya Delfina iliita. Aliitazama ikaita mara nne. Kisha akapokea, kwa sababu alikuwa amemwahidi mzee.

"Umempata?" aliuliza Bwana Stroud. "Jirani anasema mmeondoka na hamkumletea kitu."

Delfina alimwambia. Alisema hatukujua, akajirekebisha, akasema mimi sikutaka kufungua. Alisema jaani. Alisema shimo, na malori tisa, na kwamba hawaruhusiwi kuchimba na ameshaomba na amekataliwa. Hakulia, kwani aliona kulia mbele ya yule mzee ni kumwibia mara ya pili.

Upande wa pili mashine ya hospitali ilikuwa inalia taratibu.

"Alikanyagwa?" mzee akauliza mwisho.

"Dereva anasema hapana. Anasema amefukiwa tu."

"Kwa hiyo bado amelala."

Delfina aliikaza simu sikioni.

"Sikiliza, bibie. Usijiue na mawazo. Mke wangu alinifundisha haya mambo, yeye ndiye aliyemleta nyumbani, mdogo kama biskuti. Kobe akiwa kwenye baridi hajui lolote. Moyo wake hupiga mara chache mno. Hahisi giza, hahisi njaa wala uzito. Ni joto ndilo humwamsha, joto peke yake. Maadamu ni baridi, ataendelea kulala, na atakwenda humohumo usingizini bila kujua kama kuna mtu amekosea." Alimeza mate. "Sisi sote tungependa iwe hivyo. Niambie tu kitu kimoja, nami nitalala. Huko alipo, kuna baridi?"

Rogelio alikuwa amevua glavu. Alikuwa amepiga goti penye ufa, ameweka kiganja chake juu ya udongo, na alikuwa akimtazama dada yake. Mvuke ulikuwa unapita katikati ya vidole vyake.

"Kuna baridi, mzee," alisema Delfina. "Baridi kali sana. Barafu tupu."

Bwana Stroud alimshukuru. Akamshukuru tena, akamwombea Mungu ambariki yeye na nduguye na kazi ya mikono yao, na Delfina akaitikia amina kila mara mpaka simu ilipokatika. Rogelio alikuwa bado hajautoa mkono wake kwenye ule udongo.