Maji Yaliyosimama

Miaka yote kazi yake ilikuwa mabomba. Sasa fundi bomba alitaka umeme pia, maana hita ya kuogea inataka mafundi wawili, na yeye alichoka kugawana kazi. Mwalimu wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa mume, fundi umeme mwenye mdomo usio na breki.

Kila jambo jipya alilipitisha kwenye maji kwanza. Waya ni bomba. Swichi ni koki. Volti ni msukumo wa tangi lililo juu. Mambo yakamwingia vizuri, mpaka siku alipouliza mbona soketi haivuji. Shemeji alicheka hadi akakaa chini, akampachika jina: Mama Matone.

Leo walikuwa bafuni kwa Mama Matone, wafungue hita yake mwenyewe. Sakafu bado ilikuwa na maji ya watoto. Shemeji alizima swichi. Kitaa chekundu kikazimika. Akafungua kifuniko, akanyoosha vidole.

"Subiri, shemeji. Koki yako iko kabla ya hita au baada?"

"Matone yameanza! Kitaa kimezimika, huoni?"

Aliona. Lakini kichwani aliona pia bomba lililofungwa mwishoni: hakitoki kitu, kumbe ndani maji yamejaa, yanasukuma. Ukilitoboa, yanakurukia usoni. Au ni upuuzi mwingine, kama ule wa soketi? Aliogopa kuchekwa, tena sana. Vidole vilikuwa vimekaribia waya. Heri kuchekwa kuliko kuzika. Alimdaka shati mgongoni akamvuta kwa nguvu zote, wakaangukia mlangoni.

"Una wazimu wewe?"

"Pima kwanza! Halafu unicheke mwaka mzima."

Kwa hasira shemeji alichomoa testa mfukoni, akagusa waya. Testa ikawaka.

Hakuna aliyecheka.

"Swichi inakata waya wa kurudi," alisema polepole. "Wa moto, unaoleta umeme, haujakatwa. Umeme umo humu, umesimama tu."

"Nani alifunga hivi?"

"Mimi," alisema shemeji. "Nilipoanza kazi."

Mama Matone aliwaza watoto wake: wanaoga humu! Hasira na huruma vilimpanda kwa pamoja, na hakujua atoe kipi kwanza.

"Umefunga nyumba ngapi hivi, shemeji?"

Shemeji alitoa simu kuwaonya wenye nyumba hizo, akaanza na mama yake.