Kasoro ya Asubuhi

Mshonaji alimwamini mdogo wake kuliko alivyoamini dawa. Kila asubuhi, kabla ya kumvalisha mwanawe sare, alifungua simu kuona rangi inayoonyesha uchafu wa hewa, wastani wa saa ishirini na nne zilizopita. Ikiwa nyekundu, mtoto abaki ndani na pumu yake. Ikiwa kijani, aende shule kwa miguu, kupitia nyuma ya kiwanda cha saruji. Aliyeiandaa rangi hiyo ni mdogo wake huyo huyo, mpimaji wa hewa, kwa hiyo nani wa kubisha?

Wiki mbili mfululizo ilikuwa kijani, na wiki mbili mfululizo mtoto alirudi akihema juu juu. Jumatano akalazwa.

Alhamisi mshonaji akaenda ofisini kumwomba mdogo wake ampokee zamu hospitalini. Alimkuta mbele ya kompyuta iliyojaa namba za mashine, saa baada ya saa. Za kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi zilikatwa mstari, pembeni pameandikwa "kasoro ya mashine". Leo, jana, juzi, hivyo hivyo. Mshonaji hakusomea hewa, lakini kasoro inayowahi kazini kila siku hakuwahi kuiona.

"Hii mashine inaharibika asubuhi tu?"

Mdogo wake akajikuna shingo. "Dada, hizo ndizo saa kiwanda kinafungulia vumbi. Tukiziacha, wastani unakuwa mwekundu, na simu za wakubwa haziishi. Tukizitoa, zilizobaki zinaleta kijani."

"Mwanangu anatoka nyumbani saa moja."

"Najua."

Heri asingelisikia neno hilo. Mdogo wake angesema hakufikiria, angemsamehe palepale. Lakini alijua, mjomba mtu, aliyempakata mtoto huyo siku aliyozaliwa.

Mdogo wake akainuka, akafunga mlango, akashusha sauti. "Basi tufanye hivi. Kuanzia kesho nitakutumia namba za kweli kila asubuhi. Wewe tu, usimwambie mtu."

Mshonaji akamkazia macho.

"Kumbe ilikuwa rahisi hivyo," akasema.