Inazunguka, Haishiki

...haishiki, inazunguka tu, nge-nge-nge-nge, kama mbuzi anayekohoa, wacha nihesabu kumi halafu nijaribu tena, ukiikazania sana inameza petroli, wewe mwenyewe, Kaimenyi, husema hivyo, moja, mbili, mzee usiniangukie, kaa wima, egemea mlango, nimekufunga leso kifuani ili usianguke na wewe unataka tu kuanguka upande wangu, tatu, nne, mdomo wake umeenda upande na mate yanatoka, na ni mtu huyu huyu saa mbili na nusu alikuwa anafunga tai mbele ya kioo, nikamkemea kutoka jikoni, baba Kajuju tutachelewa, Timau yote imeshaenda kumwona askofu na wewe bado unajipamba, akanijibu neno ambalo halikuwa neno, nikadhani ananifanyia mzaha, nikacheka, Mwathani, Mungu wangu, nisamehe, nilicheka, kisha nikasikia kiti kikianguka... saba, nane, kumi, haya, zunguka, zunguka basi, shika, shika tafadhali, nge-nge-nge, wapi. Saa tatu na dakika ishirini. Kendi amesema saa tano. Nashukuru Mungu kwa huyo msichana, amelelewa hapa jirani na leo ndiye nesi pekee ninayemjua huko Meru, "Mama Kajuju, unanisikia? Usimpe maji, usimpe chai, atapaliwa. Mlete. Mkifika kabla ya saa tano kuna dawa anaweza kupewa, ikipita hapo ni kuomba Mungu tu," na ambulensi nayo iko mbali, masaa mawili ifike hapa, masaa mawili! "Hakuna gari hapo karibu?" Gari iko, Kendi, nimeikalia, gari iko na petroli iko na barabara iko, majirani ndio hawako, wameondoka alfajiri kwa malori, na yule wa bodaboda niliyemsimamisha amemwangalia mzee akaniambia mama, mtu asiyejishika nitambeba aje, akaenda, na simlaumu. Sasa fikiria, Marcella, fikiria kama mtu mwenye akili. Salesio fundi alinieleza siku moja akiwa hapa uani, mama, injini ya zamani haina siri, inataka petroli, inataka hewa, inataka moto, ikikosa kimoja itazunguka mpaka betri ife. Betri iko, ingekuwa imekufa ingelia tik halafu inyamaze. Petroli iko, nimefungua boneti nikanusa, karibu nitapike. Hewa, nimetoa kifuniko cha filta, nimepuliza, hakuna panya aliyezaa humo. Plagi nimechomoa moja, imelowa chepechepe, nimeipangusa kwa sketi yangu ya kanisa nikairudisha, kwa hivyo ni moto, moto haufiki, na kujua unakatikia wapi lazima muwe watu wawili, mmoja azungushe ufunguo, mwingine ashike waya aangalie cheche, na sisi hapa ni mmoja na nusu... usikasirike, mzee, natania, nikinyamaza nitalia. Salesio, chukua simu, "mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa," huyu mwanamke naye hachoki, mara ya tisa ananiambia maneno yaleyale kwa sauti ileile ya kuringa. Hii gari inanichukia. Siyo leo tu, ni miaka sita sasa inanichukia, kila nikikaa hapa kwenye usukani inazunguka bila kushika, nge-nge-nge, mpaka yeye atoke ndani polepole akitafuna muwa wake, "songa, mama Kajuju," akae, ainame apanguse tope kwenye kiatu, azungushe mara moja tu, na hiyo, inanguruma, na yeye anacheka mpaka mabega yanatikisika, "ina mazoea na mwenyewe, haitaki mkono wa mwanamke," na mimi nikaamini! Mimi niliyekuwa nikishusha magunia ya viazi na hii pikapu mpaka soko la Meru, nikaamini kwamba mkono wangu umeharibika, nikaacha kujaribu, nikawa mtu wa kukaa upande wa abiria na kikapu magotini... mzee, mkono! Toa mkono, unanivuta sketi, unataka nini, maji hapana, Kendi amekataza, nisikilize, kaa wima nijaribu tena. Nge-nge-nge-nge. Imeanza kuchoka, umeisikia? Betri inachoka. Ikifa hii basi ni mimi na wewe na mashamba ya ngano ya watu mpaka jioni. Zamani ilikuwa inashika hata asubuhi ya baridi ya kuuma masikio, ilishika siku ile nilipoondoka, mara moja tu ikashika, siku aliponipiga kofi mbele ya ndugu zake kwa sababu nilifungua mdomo juu ya shamba la mama yao, sikulia, nilichukua ufunguo kwenye msumari, nikapita kati yao, nikaendesha mpaka Kanja kwetu bila kusimama hata kukojoa, na yeye amesimama langoni akipungua kwenye kioo. Wiki tatu. Nikachuma majani chai na mama yangu, nikalala kama mtoto. Akaja na wazee, akaja na kondoo dume na asali kama inavyotakiwa, akasimama mbele ya kaka zangu sauti ikimtetemeka, akasema amekosa, hatanigusa tena, na kweli hajanigusa, hilo siwezi kumnyima, tangu siku ile hajawahi kuninyooshea mkono. Turudi nyumbani, akasema. Akaendesha yeye. Na wiki iliyofuata, ndiyo, ilikuwa wiki hiyohiyo, kwa sababu asali ilikuwa bado mezani, Salesio alishinda mchana kutwa amelala chali ndani ya hii pikapu, miguu nje, nikampelekea chai, nikamkuta na waya mwekundu mdomoni, akamtazama Kaimenyi aliyesimama kando, "anatengeneza taa," Kaimenyi akasema, na taa hazikuwa na shida, nilizitumia mimi mwenyewe njia yote ya Kanja... mzee, jamani, unaniumiza, mbona unanikwaruza mguu, umelala juu ya mapaja yangu mzima mzima, leso imefunguka, nyanyuka, baba Kajuju, mkono wako wa kushoto ndio huo tu umebaki na badala ya kujishika unakwaruza kiatu changu, kiatu changu hakina tope...

Tope. Hata Januari, hata vumbi likitufunika mpaka kope, lazima ainame, apanguse kiatu, ndipo awashe. Miaka sita, kila asubuhi, tope gani hilo? Ngoja. Ngoja kidogo. Kila mwenye gari la zamani huku ameficha swichi yake mahali, ya kukata moto, mwizi azungushe mpaka achoke akimbie, hilo si jambo geni, Murungi hapo ng'ambo anayo na mke wake anajua ilipo, wake wote huambiwa... haki ya Mungu. Haki ya Mungu, Kaimenyi. Ulikuwa unacheka. Ulikuwa unatoka ndani na muwa wako, unaniambia mkono wangu ni mbaya, na moto umeukata wewe. Kondoo ulileta kwa mkono huu na waya ukafunga kwa mkono huu. Basi nipeleke, mkono uko wapi, nipeleke, sitakusukuma tena, nimekuwa nikikusukuma tangu nikuweke hapa na wewe ulikuwa unaniambia, hapa? Chini ya kiti? Nyuma zaidi... hapo. Kitu kidogo namna hii, kama kifungo cha koti. Kidole chako kiko juu ya changu na macho yako yamejaa maji, na ninajua hukuogopa kupotea kwa gari, uliogopa nitaondoka tena, ungesema tu, mwanaume wewe, ungesema tu kwa mdomo wakati ulikuwa na mdomo! Nina hasira mpaka meno yananiuma. Sibonyezi kwanza. Niangalie. Niangalie vizuri ujue kwamba nimejua. Nikibonyeza hii itashika, na ikishika nitafika Meru kabla ya saa tano, nitakushusha kwa Kendi, kisha nitakuwa mwanamke mwenye ufunguo na swichi na tangi nusu, na Kanja haijahama. Sasa sikiliza, baba Kajuju, na usilie. Utapona, na ukipona utakaa hapa kwenye kiti cha abiria na utaniambia kwa mdomo wako ni mwizi gani uliyekuwa unamwogopa. Utaniambia wewe mwenyewe. Usinifie kabla hujaniambia.