Hesabu kwenye Meza ya Pasi

Waliompa jina la Domo hawakumwonea. Binti yule aliongea tangu anaamka mpaka analala, na mama yake aliapa kwamba hata usingizini alikuwa akimalizia habari za mchana. Historia aliisimulia kama umbea wa mtaani: mfalme kamkasirikia shemeji yake, shemeji kaenda kumchongea kwa majirani, haya, vita hivyo. Ukimsikiliza mara moja, hutasahau. Insha zake mwalimu wa lugha alizisomea darasa zima. Lakini hesabu! Akiiona hesabu ubaoni, macho yanaingia giza na ule ulimi wote unakauka.

Na jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Domo alikuwa amesharudia darasa mara moja kwa ajili ya hesabu hiyo hiyo, na shule yao ilikuwa na sheria yake: kurudia ni mara moja tu. Ukianguka tena, unafunga virago. Alama za kupita zilikuwa arobaini. Mtihani wa katikati ya mwaka alipata kumi na moja, na mwalimu wa hesabu alimwambia waziwazi kwamba mtihani wa mwisho ndio utakaoamua kama wataonana tena. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Darasani mwao alikuwemo kijana mmoja mrefu, mpole, aliyeitwa Kimya. Huyu naye jina lilimkaa barabara. Mwalimu mgeni akimwuliza anaitwa nani, alitaja jina la kwanza tu; la pili aliliona ni maneno mengi. Katika hesabu hakuna aliyewahi kumpita, wala kumkaribia. Ila mpe insha sasa! Waliambiwa waandike kuhusu safari waliyoifurahia. Kimya akaandika: "Nilikwenda. Nilifurahi. Nilirudi." Mwalimu akampa alama tatu, moja kwa kila sentensi, na akasema hapo amempendelea.

Domo ndiye aliyemfuata, wakati wa mapumziko, bila hata salamu.

"Wewe huna maneno, mimi sina namba," akamwambia. "Tubadilishane."

Kimya akafikiri mpaka kengele ikalia. Kisha akasema, "Sawa."

Wakawa wanakutana kila alasiri kwa baba mdogo wa Domo, ambaye kazi yake ni dobi. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, ukutani kamba zimepita huku na huku, mashati ya watu yakining'inia juu ya vichwa vyao, na katikati meza moja ndefu iliyotandikwa blanketi la kupigia pasi. Baba mdogo alichukua nusu ya meza na pasi yake ya mvuke, wanafunzi wakachukua nusu nyingine. Jirani mmoja, binti wa darasa lao aliyeitwa Daktari kwa mapenzi yake ya baiolojia, alijiunga nao baadaye. Yeye aliwaeleza mwendo wa damu mwilini, na Domo akamlipa kwa vita vya wafalme na mashemeji. Joto la mle ndani usiniulize. Daftari lililowekwa karibu na pasi lilirudi nyumbani limejikunja kona zote.

Mwezi wa kwanza walifanya kosa. Domo akikwama, Kimya alikuwa anamchukulia kalamu taratibu mkononi, anaandika mistari minne mitano, anarudisha daftari. Kazi imekwisha. Hakuna neno. Domo akawa anapata kumi kwa kumi katika kazi za nyumbani na akaanza kutembea kwa maringo. Likaja jaribio la darasani, akapata mbili.

Alilia pale pale kwenye meza ya pasi. Baba mdogo akaiweka pasi yake pembeni.

"Mimi nikikupigia pasi shati," akasema, "wewe umejua kupiga pasi?"

"Hapana, baba mdogo."

"Sasa unalia nini? Umevaa tu shati la mwenzio." Akamgeukia Kimya. "Na wewe, bwana mkubwa, kuanzia leo ukieleza, kalia mikono yako. Anayeelezwa ndiye ashike kalamu. Sitaki ubishi chumbani kwangu."

Ikawa ndiyo kanuni yao. Daktari akieleza moyo, anakalia mikono. Domo akisimulia vita, anakalia mikono, na kwake hiyo ilikuwa adhabu, maana alizoea kuongea na mikono yote miwili. Lakini aliyepata taabu hasa alikuwa Kimya. Mikono imefungwa, imebaki midomo, na midomo ilikuwa haijazoea kazi.

"Toa saba," alisema siku ile ya kwanza.

"Kwa nini?" akauliza Domo.

"Kwa sababu."

"Kwa sababu gani? Sema, mwenzangu! Mimi nitafukuzwa shule, wewe unabania maneno?"

Kimya akatoka kijasho chembamba. Akatazama mashati yaliyoning'inia, akatazama mlango. Mwisho akasema kwamba ile saba haijashikana na namba iliyofichwa, imesimama tu jirani yake, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuondolewa. Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote walizowahi kumsikia. Daktari alipiga makofi.

Basi tangu hapo Domo hakumwachia. Kila hatua, kwa nini? Na kila kwa nini ikazaa maelezo marefu kidogo kuliko ya jana. Kimya akaanza kutoa mifano. Akaanza kutania: "Mbona unaizunguka hii namba kama unaidai? Ifuate!" Siku moja akacheka kwa sauti, wenzake wakashtuka, hata baba mdogo akainua kichwa kutazama nani kaingia. Na Domo, taratibu, akaanza kuona mwanga. Si mwanga wa kutisha. Wa kumtosha kuona anapokanyaga.

Siku ya mtihani Domo alikaa na roho juu. Maswali yalikuwa kumi. Akasoma la kwanza, akahisi lile giza la zamani linakuja, akafumba macho. Ndipo akamsikia Kimya kichwani mwake, na sauti yake ile nzito: usikimbilie, angalia kwanza nani kashikana na nani. Akaandika. Matatu aliyaacha, mawili aliyabahatisha, mengine aliyafanya kwa akili yake mwenyewe.

Alipata arobaini na sita.

Loo! Alipiga kelele hadi darasa la jirani wakatoka kuchungulia. Alimkumbatia Daktari, akamkumbatia mfagiaji aliyekuwa akipita na ndoo yake. Kisha akamtafuta Kimya, na akamkuta amekaa palepale kwenye dawati, karatasi yake ameikunja mara mbili.

Kimya alikuwa amepata hamsini.

"Hamsini? Wewe?" Domo akaketi. "Uliumwa?"

Kimya akatikisa kichwa na kumsogezea karatasi. Mwalimu alikuwa ameandika juu kwa wino mwekundu: "Matano tu, yote sahihi. Unaongea na nani?" Domo akasoma chini yake. Mahali pa mistari minne mitano ya namba palikuwa na maneno, yamejaa ukurasa mzima:

"Usiogope, hii ni dada yake ile ya jana. Kwanza tunaitoa saba. Hapo utaniuliza kwa nini, subiri nimalize. Saba imesimama tu jirani. Umeona? Sasa iliyobaki tuigawe, polepole. Vizuri sana. Twende inayofuata."

Ikawa hivyo swali kwa swali, mpaka muda ukaisha akiwa nusu ya mtihani.

"Nilijaribu kufanya kama zamani," alisema Kimya. "Nikashindwa. Kila nikiandika mstari, nakusikia unauliza. Nikaona nikiuruka hutaelewa."

Domo, msemaji wa darasa zima, akairudia karatasi tangu juu. Machozi yalimtiririka tu. "Ahsante," alisema mwisho. "Ahsante, Kimya. Mimi nimebaki shule kwa sababu yako. Sitakusahau mpaka naingia kaburini."

"Mama atanikataza kuja kwenye pasi," akasema Kimya. "Atasema kikundi kimeniharibu. Atataka maelezo."

"Na wewe utampa?"

Kimya akamtazama kama mtu aliyeombwa aruke ghorofani. Nyumbani hakuwa na maelezo. Domo alielewa, na pia akaelewa kwamba mwaka unaofuata kuna mtihani mkubwa kuliko huu, na bila Kimya yeye kwisha habari yake. Akapiga moyo konde.

"Nipe hiyo karatasi," akasema.

Mama yake Kimya alikuwa karani wa posta, dirisha namba tatu. Domo alikwenda kesho yake, akapanga foleni kama watu wengine, nyuma ya mzee mwenye kifurushi na mbele ya bwana mmoja aliyekuwa na haraka. Zamu yake ilipofika, akainama kwenye kile kitundu cha kioo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Stempu au kifurushi?"

"Si stempu, mama. Mimi ndiye kikundi."

Mhuri ukasimama hewani. Mama alikuwa na uso mkavu, miwani puani, na alimpima Domo juu mpaka chini. "Kumbe ni wewe. Mwanangu alikuwa wa kwanza, sasa ana hamsini. Umekuja kunieleza nini?"

"Mimi sielezi, mama. Yeye mwenyewe kaeleza." Akapitisha karatasi chini ya kioo.

Mama akaisoma akiwa amekunja uso. Akageuza ukurasa. Uso ukaanza kukunjuka, akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma tena, safari hii midomo ikicheza. Bwana mwenye haraka akakohoa nyuma.

"Dada, sisi tunahudumiwa lini?"

"Subiri," mama akasema bila kumtazama. Akavua miwani. "Huyu ni mwanangu? 'Utaniuliza kwa nini, subiri nimalize.' Huyu?"

"Ndiye, mama."

"Mimi tangu baba yake afariki naambiwa ndiyo mama, hapana mama, nimeshiba mama. Basi. Miaka yote hiyo." Akapangusa macho kwa kiganja, mbele ya foleni nzima, wala hakujali. "Hebu niambie, mwanangu. Akieleza, sauti yake inakuwaje?"

Domo hakutarajia swali hilo. "Nzito kidogo, mama. Inaanza chini halafu inapanda. Na siku hizi hucheka."

"Hucheka!"

"Mpaka baba mdogo anaacha kupiga pasi."

Mama akainamisha kichwa. Alipoinua, alisema, "Ahsante. Mimi nilikuwa najiandaa kukugombeza, na kumbe deni la shukrani ni langu. Kesho arudi kwenye kikundi chenu. Na mimi, kama baba mdogo wako hatachukia, nitapita nikitoka kazini. Nikae tu. Sitasema neno."

Alikuja kweli. Baba mdogo alimpa nafasi pembeni, juu ya furushi la mashuka ya wateja, akakaa na mkoba mapajani. Kimya alipomwona, masikio yakamwiva. Domo akashika kalamu akasoma swali kwa sauti, Daktari akajifanya ana shughuli na daftari lake, na baada ya kitambo Kimya akaanza, kwa shida, kisha kwa uzuri, akaendelea mpaka mwisho wa hesabu.

"Hapo mwisho sijaelewa," ikasema sauti kutoka kwenye furushi la mashuka. "Rudia."

Huyo ni mtu anayepiga hesabu kutwa nzima kwenye dirisha namba tatu, wala hajawahi kukosea chenji ya mtu. Kimya alijua hilo kuliko yeyote mle ndani. Akamgeukia mama yake, akafikiri kidogo, akaanza kumweleza upya, polepole, tangu mwanzo.