Vinyama Kwenye Nta

Kitindamimba wangu aliingia na furaha hata akasahau kuvua viatu. "Baba, nimepata nafasi ya utafiti! Wanafunzi wa uzamili tuliomba wengi, wamechukua wawili."

"Wapi?"

Akatazama chini. "Maabara ya hospitali kuu."

Nikaacha kiatu cha mteja na sindano ndani. Nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Maabara ile ndiyo iliyochukua kinyama cha kupima saratani kwenye titi la mama yake, majibu yakatoka tumeshamzika. Mkubwa wao alinambia, "Pole mzee, ni foleni." Foleni! Wake zao hawapangi foleni.

"Utafanya nini huko?"

"Nitapima vinyama vya wagonjwa wa titi wa zamani. Havitupwi, baba. Vinagandishwa kwenye nta, vinawekwa kwenye droo."

Nta! Mimi naipaka uzi wa kushonea viatu. Ilikuwa pale miguuni pangu, kwenye bati. Nikaisukuma mbali.

"Kwa hiyo mama yako yumo kwenye droo."

"Labda. Vina namba tu, majina wameyafuta."

Dada wa marehemu akadakia toka jikoni: "Shemeji, kaa chini, utatoboa sakafu! Mtoto asiende kwa sababu wewe umenuna?"

"Wewe hukumuuguza."

"Nilimwosha."

Ana ulimi wa wembe, yule.

Binti akasema polepole, "Baba, mle wapimaji hawatoshi, ndiyo maana majibu yanakawia. Lakini ukisema nisiende, siendi. Kesho watampa mwingine."

Nikatoka, nikazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilitaka awakatalie, wauonje uchungu. Lakini wangeonja nini? Wangeita mwingine, wakaendelea na chai yao.

Asubuhi nikamsindikiza hadi langoni mwa hospitali.

"Vile vinyama havina majina, sivyo?"

"Havina."

"Basi kila utakachoshika, kishike kama cha mama yako. Na mkubwa wako akitaja foleni, mwambie baba yangu yuko nje."

"Utakaa hapa mpaka jioni? Baba, na viatu vya watu?"

"Nenda, utachelewa."

Akaingia. Nikakaa kwenye ukingo wa ukuta, nikainuka, nikaanza kutembea huku na huku.

Mlinzi akaniita, "Mzee, unasubiri majibu?"

"Nilishapewa," nikamjibu, nikaendelea kutembea.