Upande wa Kulia

Mlango wa kwanza wa kabati uligoma kuingia kwenye fremu yake. Wa pili ukaingia kwa kupigwa nyundo. Mjane aliutoa, akaulaza juu ya meza, akapima kwa tepu kutoka kona hadi kona, kisha kona zile nyingine. Vipimo havikulingana.

"Mbao hizo zimepinda," alisema baba mkwe kutoka mlangoni alikokuwa akipiga msasa. "Zimekaa muda mrefu bila kuguswa."

"Si mbao, baba. Mashine inakata upande."

Mashine ile ya kuchonga, inayoongozwa na kompyuta, ilikuwa haijawashwa tangu msiba hadi asubuhi hiyo. Mwenye mashine, marehemu mume wa mjane, mafundi wenzake walimwita Bwana Milimeta, kwa sababu aliwahi kuirudisha karakana meza ambayo mteja alikwisha kuisifia, akidai mguu mmoja umezidi kwa unywele. Alikutwa sakafuni kando ya mashine, mchana ambao umeme ulikatika mtaa mzima. Moyo, daktari alisema. Na watu wote waliokuja kumpa mkewe pole walimwambia neno lile lile: amekwenda kama taa, hakuteseka. Neno hilo ndilo lililomwezesha kula.

Sasa kulikuwa na makabati ya shule ya kutengeneza na hakuna mwingine aliyeijua mashine. Akaanza na vitu vyepesi. Akabadilisha kisu. Akakaza skrubu za meza. Akafuta vumbi kwenye reli na kupitisha kidole, asipate pa kukwama. Akakata kipande kingine cha mraba, kikatoka kimelala kama mtu aliyeegemea ukuta.

Akahamia kwenye daraja. Ndivyo walivyoliita boriti lile la chuma linalobeba kisu na kutembea juu ya meza toka mwanzo hadi mwisho. Lilisukumwa na mota mbili, moja kila upande, kila moja ikizungusha skrubu yake ndefu. Alilisogeza hadi mwisho, akapima umbali wake na nguzo ya nyuma. Kushoto lilikuwa karibu. Kulia lilibaki nyuma kwa upana wa kidole.

"Baba, njoo unishikie taa."

Mzee alikuja taratibu. Mjane alipiga magoti, akafungua kifuniko cha mota ya kulia. Kiungio kinachoishika mota na skrubu kilikuwa mahali pake, na boliti zake zimekaza. Lakini shingo ya skrubu ilikuwa imekwanguliwa pande zote, chuma kinang'aa kama kipya. Akaigusa. Kiungio kilikuwa kimezunguka bure, tena kwa nguvu, huku skrubu imegoma kuzunguka. Skrubu haigomi hivihivi. Hugoma daraja likizuiwa na kitu.

Alitazama nafasi kati ya daraja na nguzo, upande huo wa kulia. Hapo ndipo mumewe alipopenda kuinama kufyonza vumbi kazi ikiendelea, hata akigombezwa. Kitufe chekundu cha kuzimia mashine kilikuwa upande wa kushoto, mbali na mkono wa mtu aliyebanwa.

"Lilimkamata," alisema. "Lilimbana hapa, baba. Likaendelea kumsukuma mpaka kiungio kikaachia. Umeme ulipokatika ndipo mota zikalegea, akaanguka."

Mzee alishusha taa.

"Baba?"

"Niliuona ubavu wake," mzee alisema. "Mimi ndiye niliyemwosha. Nilimwomba daktari asikwambie."

Mjane alibaki palepale chini. Hasira ikampanda mpaka masikio yakapata moto.

"Miezi yote hii unakula na mimi meza moja!"

"Moyo ulisimama kweli. Sikusema uongo."

"Ulisimama baada ya nini?"

Mzee aliiweka taa juu ya meza, akakaa kwenye gogo, akafunika uso kwa viganja vyenye vumbi. "Nilitaka ulale, mwanangu. Hata mama aliyemzaa hajui. Nakuomba, usimwambie."

Mjane alilegeza boliti za kiungio, akausukuma upande wa kulia wa daraja kwa mkono, taratibu, mpaka pande zote mbili zikagusa vipande viwili vya mbao alivyovikata sawasawa na kuviweka kwenye nguzo. Akakaza. Kisha akakata mraba, akapima kona kwa kona. Vipimo vikalingana. Hakufurahi hata kidogo.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa akikunja nguo. "Imepona hiyo mashine yenu?"

Mjane alikuwa ameapa njiani kunyamaza. Lakini alimtazama mama yule akinyoosha shati la mwanawe kwa kiganja, akashindwa. Alimwambia yote, amesimama, bila kupunguza.

Mama mkwe aliendelea kunyoosha lile shati muda mrefu.

"Aliita?"

"Sijui, mama. Mashine ina kelele."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda kununua gundi."

Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia, akaingia chumbani, akafunga mlango. Kuanzia hapo hakusema na mumewe, wala na mkwewe. Chakula alipika, akawaachia mezani, akala peke yake.

Mjane alinunua kitufe cha pili cha kuzimia, akakifunga upande wa kulia, chini, mahali ambapo mtu anaweza kukifikia hata kwa goti. Yeye na mzee wakaanza makabati ya shule wakizungumza ya kazi tu: lete hii, shika hapa.

Asubuhi moja wakiwa wanapakia mbao kwenye mashine, mama mkwe aliingia amebeba kiti cha plastiki. Hakusalimia. Alikiweka karibu na kitufe kipya, akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Mama, vumbi litakuumiza kifua," alisema mjane.

"Washa," alijibu. "Ila kuanzia leo mtu asibaki peke yake na kitu hiki."

Mjane aliwasha. Daraja likaanza kutembea, na mama yule akaligeukia, hakupepesa macho mpaka ubao wa kwanza ukaisha.